Ramu Yangu na Macho ya Ogola

Mimi naitwa Oketch, na kabla sijasimulia lolote nataka ieleweke kwamba ninachopika kule Muhoroni si chang'aa, ile pombe ya magendo ya vichochoroni. Nasema mapema kwa sababu nimechoka. Nina leseni ukutani, nina mtambo wa shaba uliounganishwa na fundi anayejua kazi yake, na nina miaka thelathini na moja ya kusimamia mvuke katika kiwanda cha sukari. Nilipostaafu nikaungana na Walubengo, mwenzangu wa zamu, tukaanza kutengeneza ramu kwa molasi, ule uji mweusi mtamu unaobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa. Watu wakionja wananiambia, "Oketch, hii ni chang'aa imeenda shule." Halafu wanacheka. Mimi sicheki.

Kwa hiyo nilipopewa meza kwenye tamasha la vinywaji vikali mjini Kisumu, Jumamosi moja ya Novemba, kichwa kilinivimba, sikatai. Lilifanyika kwenye uwanja wa hoteli kando ya ziwa, mahema meupe yamepangwa hadi karibu na maji. Kulikuwa na wiski za Uskoti, ramu za visiwa ambavyo siwezi kuvionyesha kwenye ramani, na kijana mmoja wa Nyalenda aliyevalishwa sketi ya Kiskoti na soksi ndefu za sufu, jua la saa saba likimchoma bila huruma. Katikati ya hayo yote ilikuwapo meza yangu, chupa arobaini, na binti yangu Lornah akimimina. Watu walikuwa wamepanga foleni. Nilipita mbele ya foleni ile mara tatu, nikijifanya natafuta kitu.

Nilikuwa nimealika marafiki watatu. Wa kwanza Ogola, aliyekuwa mpima ardhi wa serikali, mtu wa Katito, mbishi kuliko kinanda kibovu. Wa pili Rachael, nesi mstaafu, ambaye sote bado tunamwita Sista. Wa tatu Hemedi, mwenye duka la viungo na manukato mjini. Hemedi hanywi pombe na hajawahi kunywa, lakini pua yake ikinusa karafuu inakwambia imevunwa mwaka huu au mwaka jana. Nilimbembeleza wiki nzima aje aninusie tu. Nilimwambia kunusa si kunywa. Akaja shingo upande, baada ya kumwambia mkewe, Naeema, kwamba tunakwenda kuangalia mashine.

Tulianzia meza ya yule kijana wa sketi. Ogola akataka chupa mpya ifunguliwe mbele yake, kama anavyofanya kila mahali, na kijana akatufundisha: shika glasi kwa chini, izungushe, tia pua ndani, fungua mdomo kidogo, ndipo uonje, na ukitaka usilewe tema kwenye ndoo ile. Ogola na Hemedi wakavua miwani wakaiweka mezani, maana kila wakiinamisha pua glasi ilikuwa inagonga kioo. Rachael alionja akatema, kwa adabu. Ogola akaitazama ndoo kama mtu aliyetukanwa.

"Mimi nitoke Katito mpaka hapa nikuje kutema?" akasema, akameza.

Hemedi alikuwa burudani peke yake. Wiski ya kwanza akasema inanuka zabibu na kiatu kipya. Ya pili akarudisha kichwa nyuma na kusema hii ni kamba ya mashua iliyoungua. Kijana wa sketi akaita wenzake waje wasikie. Tulicheka, wakavaa miwani, tukaendelea meza ya pili, ya tatu, ya nne. Nilikuwa nawapeleka polepole kwa makusudi, ili meza yangu iwe ya mwisho na wafike pale ndimi zao zikiwa zimeshajua tofauti.

Tangu meza ya pili, Hemedi alikuwa kimya. Nilidhani amechoka na jua. Ogola naye alianza kutembea vibaya. Alimkanyaga mama mmoja mguu, akagonga nguzo ya hema, akaiomba nguzo radhi. Nikamtania kwamba wiski ya wazungu imempata mapema. Hakujibu, na Ogola asipojibu ujue kuna jambo. Tulipofika karibu na ukuta wa maua akanishika mkono wa shati.

"Omera," akasema kwa sauti ya chini, neno letu la kumwita ndugu, "hii macho yangu sioni vizuri."

"Umelewa."

"Sijalewa. Najua kulewa. Kila kitu iko na ukungu, nyeupe hivi, kama maziwa. Nimetoa miwani nikapanguza, bado. Nikivaa ndio inakuwa mbaya zaidi, na kichwa inauma."

Rachael akasogea. Alimwinua kidevu akamtazama macho, kisha akamwambia asiogope. Wiski aliyoonja leo, akasema, hata kama ingekuwa mbaya isingefika machoni kwa saa moja. Pombe yenye sumu huchukua muda, nusu siku, siku nzima.

"Jana ulikunywa kitu?" akamuuliza.

"Jana jioni," Ogola akasema. "Ile nusu chupa yenye Oketch aliniletea nyumbani. Saa kumi na mbili hivi."

Rachael akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane mchana. Mimi nilikuwa nimeshahesabu: saa ishirini.

Lazima nieleze hapa, kwa sababu bila hili hamtaelewa nilivyojisikia. Ogola alikuwa na kaka, marehemu sasa. Zamani sana kaka huyo alikunywa pombe mbaya kwenye matanga, akalala, akaamka asubuhi akiuliza kwa nini bado ni usiku. Aliishi miaka kumi na minane akishikwa mkono kwenda chooni, na aliyekuwa akimshika mara nyingi ni Ogola. Tangu siku hiyo Ogola hanywi kitu ambacho hakikufunguliwa mbele ya macho yake kikiwa na muhuri. Miaka yote niliyopika ramu hakuwahi kuionja, na hakuwahi kunieleza sababu kwa kuwa naijua. Ile ya jana ilikuwa mara ya kwanza. Niliipeleka kwake kwenye chupa isiyo na muhuri, akaigeuzageuza mkononi, kisha akainywa. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Na kuna jingine, ambalo Ogola hakulijua. Mtambo ukianza kutoa, yale maji ya mwanzo humwagwa. Ndani yake ndimo inamokaa sumu ya macho, na hakuna mpishi asiyejua hivyo. Mwezi wa Agosti, tulipopika ramu hii hii, niliitwa mazikoni nikaondoka asubuhi, mtambo nikamwachia Walubengo. Jioni niliporudi kila kitu kilikuwa kimeshachanganywa kwenye pipa. Swali lilikuwa moja tu: ya mwanzo ulimwaga? Sikuuliza. Wiki moja kabla nilikuwa nimemsimamia Walubengo kichwani kama mtoto wa shule, akakasirika, akaniambia nikimwuliza tena kama anajua kazi atanibwagia mtambo wangu aende zake Bungoma. Basi nikanyamaza. Niliionja, ilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kupika, nikajiambia Walubengo si mjinga. Sampuli niliyopeleka maabara ilikuwa ya upishi wa kabla ya huo, maana ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Nikajiambia mtambo ni ule ule. Miezi mitatu nilijiambia mambo mengi.

Sasa Ogola alikuwa ameshika shati langu, na nitasema ukweli: wazo la kwanza kunijia halikuwa la macho yake. Lilikuwa la meza yangu. Niliwaza jinsi ya kumtoa pale kwa mlango wa nyuma kabla watu hawajasikia. Wazo hilo lilikaa kama muda wa kuvuta pumzi mbili. Nimelijutia tangu siku hiyo, na naliandika hapa kwa sababu nikiliruka nitakuwa nimewadanganya.

Nikampigia Walubengo. Simu haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana.

"Tumpeleke hospitali sasa hivi," Rachael akasema, kisha akageuka akaitazama foleni ya meza yangu. "Na hao?"

Hakunilazimisha. Alisema maneno mawili tu akaningoja.

Nilitembea mpaka pale. Sikumbuki kama nilitembea haraka au polepole. Lornah alikuwa anacheka na wateja, chupa mkononi. Nikaichukua ile chupa nikaweka kizibo.

"Baba, kuna nini?"

"Usimimine tena."

Kisha nikawageukia wale watu, vijana wengi wao, waliovaa vizuri, kila mmoja na kiglasi chake. Nikapaza sauti, ile ya kiwandani, ya kushinda mashine.

"Watu wangu, hii ramu msikunywe. Mimi ndio niliipika. Kuna siku sikuwa kwa mtambo na sikuuliza kama kazi ilifanywa vizuri. Rafiki yangu alikunywa jana na sasa haoni. Kama umeonja leo, keti pale na Sista Rachael akuangalie. Kama bado, weka chini."

Halafu wengine wakakimbilia ndoo ya kutemea, wengine wakatoa simu kunipiga picha. Msichana mmoja alianza kulia. Mwenye kusimamia tamasha akaja mbio, akanishika bega na kuniambia, "Mzee, hebu tuongee pembeni kwanza," nami nikamwambia nimekwisha ongea. Lornah alikuwa amefunika uso kwa mikono. Nilimwona, na nikajua miaka yetu sita ya kuchekwa na kuvumilia imekwisha mbele ya hema moja.

Rachael alikuwa anamleta Ogola polepole akimshika kiwiko. Nyuma yao alikuwa Hemedi, akijisaidia kwa kamba za mahema, anashika hii, anaachia, anapapasa nyingine. Alipofika kwangu alikuwa ametoka jasho mpaka kola imelowa.

"Oketch," akasema, "hata mimi sioni."

Tukamtazama.

"Ilianza pale kwa meza ya kwanza. Nimenyamaza kwa sababu ya aibu. Nilimdanganya Naeema nikasema nakuja kuangalia mashine, halafu nikaweka pua yangu ndani ya pombe ya watu, nikacheka, nikasifiwa. Nikasema basi, Mungu amechukua macho, na hiyo ni haki yangu. Lakini nikisikia unasema ni hiyo ramu yako, siwezi kunyamaza. Mimi sijakunywa ramu yako. Sijakunywa kitu."

"Hata tone?" Rachael akauliza.

"Wallahi hata tone."

"Na jana?"

"Jana nilikunywa uji."

Rachael akamwachia Ogola kiwiko. Alimtazama Hemedi, akamtazama Ogola, akamrudia Hemedi. Nimemjua mwanamke huyu miaka ishirini na sijawahi kumwona akikasirika na kufurahi kwa pamoja vile. Akanyoosha mikono yote miwili akawavua miwani, huku na huku, kama anayewavua watoto kofia mezani. Akaishika mbele ya mwanga, moja mkono huu, nyingine mkono ule.

Mwaka jana madaktari wa macho walikuja Katito kwa siku mbili, wakapima watu bure na kugawa miwani bure. Ogola alimwita Hemedi kutoka mjini, wakaenda pamoja. Vioo walipewa kila mtu kwa macho yake, ila fremu zilikuwa za aina moja tu, nyeusi, za karani wa posta. Nusu ya wazee wa Nyakach, upande ule wa Katito, wanavaa fremu hiyo. Ogola haoni mbali na Hemedi haoni karibu.

Rachael akamvika Ogola ile aliyomvua Hemedi, na Hemedi ile aliyomvua Ogola.

Ogola alipepesa macho. Akatazama ziwa, akatazama mahema, akatazama korongo aliyesimama juu ya paa la hoteli. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu.

"Omera," akasema, "umezeeka sana, yawa."

Nilikaa chini kwenye majani. Nikaanza kucheka, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba nalia, na sikuona haya. Hemedi alikuwa anasema alhamdulillahi bila kukoma na kujisomea maandishi ya kila chupa iliyo mezani, kwa sauti, hata asilimia ya kileo. Rachael aliwaita wote wawili wazee wajinga, akanijumuisha na mimi, kisha akamkumbatia Ogola shingoni. Nilihisi kama mtu aliyeshushiwa gunia la sukari begani baada ya kulibeba toka Agosti.

Lakini Rachael ni Rachael. Alinipa simu yangu. "Macho imepona," akasema. "Ramu bado hatujui. Piga."

Haikunibidi kupiga, maana saa hiyo hiyo Walubengo alipiga yeye. Simu yake ilikuwa kwa kinyozi ikichajiwa. Nikamuuliza pale pale, mbele ya watu, kabla ujasiri haujaniishia: siku ile ya Agosti nilipokwenda mazikoni, ya mwanzo alimwaga?

"Oketch. Unaniuliza leo?"

"Nakuuliza leo."

"Nilimwaga lita nne. Wewe humwaga tatu, mimi siku hiyo nilimwaga nne, kwa sababu ulikuwa haupo na sikutaka maneno. Imeandikwa na chaki nyuma ya mlango, tarehe na lita. Mimi huandika kila mara. Kwani wewe huwa hufungi mlango ukiwa ndani?"

Sifungi. Ndani mna joto.

"Walubengo," nikasema, "nilikuwa naogopa kukuuliza."

"Najua. Nilikuwa nangoja uulize, nikukasirikie kidogo, halafu nikuambie. Sasa imekuwa miezi mitatu." Akacheka kwa pua. "Uza pombe, wewe mzee. Rudi na chupa tupu."

Nilisimama nikawaeleza watu yote, ya miwani, ya chaki, ya lita nne. Walicheka sana kuhusu miwani. Hawakurudi kwenye foleni. Ukishamwambia mtu kinywaji kitampofua, hawezi kukinywa kwa sababu umesema samahani, na sikuwalaumu. Kijana wa sketi alijaza hema lake na wateja wangu. Nikamwambia Lornah tuanze kufunga chupa kwenye makatoni. Akanitazama, macho bado mekundu, akasema, "Sawa, Baba," na sauti yake haikuwa ya hasira. Nilikuwa nimepoteza tamasha zima, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Ningemwambia mtu siku mbili kabla kwamba mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja, angeniona nimekunywa.

Nilikuwa nimebeba katoni ya pili Ogola alipokuja upande wa mbele wa meza, mahali panaposimama mteja. Alichukua kiglasi kisafi akakiweka kitambaani.

"Mimina," akasema.

"Ogola, leo si lazima."

"Mimina, nakuambia kitu." Alingoja watu wawili wapite. "Ile ya jana nilikunywa kwa sababu ya urafiki. Nilikuona vile umesimama na hiyo chupa, nikashindwa kukataa. Lakini sikulala, omera. Niliacha taa ikiwaka mpaka asubuhi, nikiangalia tu balbu. Nikifunga macho kidogo nafungua tena haraka, nione kama bado iko."

Nilikuwa nimerudi nyumbani jana nikipiga mluzi, na yeye alikuwa amelala chali Katito akilinda taa.

"Hiyo sikukuambia asubuhi," akaendelea. "Ningekuja nikae hapa, nicheke, nirudi nyumbani, na singekunywa yako tena mpaka nife. Halafu nimekusikia ukipigia hao watoto kelele. Nilikuwa sioni, lakini nimesikia."

Akasukuma kiglasi mbele kwa kidole.

Chupa ilikuwa haina muhuri, ile ile niliyoitia kizibo mbele ya foleni. Nikatafuta nyingine mpya kwenye katoni nimfungulie, akatikisa kichwa akaionyesha hiyo hiyo. Nikammiminia. Aliizungusha kama alivyofundishwa, akavua miwani, akatia pua, akanywa. Hakutema. Alikaa nayo mdomoni, kisha akaimeza na kuvaa miwani yake.

"Ni tamu," akasema. "Ongeza. Leo nitazima taa."